Maji ya Tangi Yakitibuka: Mwongozo kwa Mfugaji wa Samaki wa Tanganyika Aliyeko Tabora

Usiyamwage maji. Ukiamka asubuhi ukakuta tangi lako la samaki limejaa weupe wa tui, na samaki wanaonekana kwa tabu kwenye kioo, utatamani kuchukua ndoo, kutoa kila kitu, kusugua mawe kwa sabuni na kuanza upya. Vumilia kwanza. Samaki wengi wanaokufa baada ya maji kutibuka huuawa na usafi unaofuata, kwa sababu katika kusugua kule mwenye tangi huwaondoa pia viumbe wadogo wasioonekana ambao ndio waliokuwa wakiyaweka maji salama.

Ninaandika kwa ajili ya mtu wa Tabora, Urambo, Kaliua au mji mwingine wa njia ya zamani ya misafara, anayefuga nyumbani samaki wadogo wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika. Ni ndugu wa perege. Wapo wenye milia wanaokaa kwenye mawe, wapo wa manjano, wapo wanaoatamia mayai kinywani, na wapo wadogo kuliko kidole wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Ziwa lina aina zipatazo 250 za jamii hii, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita Kazeh, yaani Tabora, wakafika Ujiji kando ya ziwa Februari 1858. Makombe aliyoyaokota Speke ufukweni yalielezwa kitaalamu London mwaka 1859. Siku hizi wafugaji wa Ulaya, Japani na Marekani huwaagiza samaki hawa kwa ndege. Wewe uliye Tabora mjini uko kilomita mia nne na kitu kwa reli kutoka Kigoma. Nami nafurahi kila ninaposikia kwamba wameanza kuwekwa sebuleni karibu na kwao.

Lakini ukaribu wa njia si ukaribu wa maji. Maji ya Tanganyika ni magumu, yenye bikaboneti na magnesi kwa wingi, na pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2. Maji ya bomba ya Tabora, tangu mradi wa Ziwa Victoria ulipofika mjini, yanavutwa Ihelele huko Mwanza, nayo ni laini. Hata yale ya Bwawa la Igombe, lililoutegemeza mji kwa miaka mingi, ni maji ya mvua yaliyopita juu ya mwamba wa matale, hivyo hayana chokaa ya kutosha. Kwa hiyo mfugaji wa Tabora anafuga samaki wa ziwa moja ndani ya maji ya ziwa jingine, na lazima ayageuze kwanza. Visa vingi vya maji kutibuka huku kwetu vinaanzia katika kugeuza huko.

Kuna mambo mawili ya kuelewa kabla hatujagusa tangi, maana ndiyo yanayoamua nini kifanywe haraka na nini kisubiri.

La kwanza ni amonia. Samaki huitoa kupitia mashavu, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Katika maji, amonia hukaa kwa sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine ambayo ni sumu kali. Kinachoamua uwiano wake ni pH, na kwa kiasi fulani joto. Kwenye nyuzi 26, maji ya pH 7 huwa na sehemu ya sumu isiyofika hata asilimia 1. Kwenye pH 8 inakaribia asilimia 6. Kwenye pH 9 inapita asilimia 37. Maana yake ni kwamba kiasi kilekile cha uchafu ambacho mwenye samaki wa maji laini angekistahimili kwa siku kadhaa kinaweza kuwaua samaki wako usiku mmoja. Ndiyo maana maji yakitibuka katika tangi la Tanganyika hatuambiani tu kwamba yatatakata yenyewe. Weupe wenyewe hauui, ila mara nyingi huja pamoja na amonia.

La pili ni hewa. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 12 kuliko pwani. Maji baridi (yaani yasiyo ya bahari) ya nyuzi 26 yaliyopigwa hewa vizuri pale Dar es Salaam hubeba miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Tabora ni kama 7. Vitabu vya ufugaji vinavyouzwa madukani vimeandikwa na watu wa nchi za chini, na idadi ya samaki wanayoipendekeza kwa tangi la ukubwa fulani ipunguze.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Kabla ya kutafuta chanzo, ongeza hewa. Kama una pampu ya hewa ya pili, iwashe. Kama huna, inua bomba la chujio ili maji yarudi tangini kwa kuporomoka na kuuvuruga uso. Kama umeme haupo, chota kwa jagi na umimine kutoka juu, dakika tano kila baada ya nusu saa. Acha kulisha. Samaki mzima wa jamii hii hukaa siku mbili au tatu bila chakula na asidhurike. Kisha wahesabu. Tafuta nyuma ya mawe, chini ya chujio, ndani ya makombe. Samaki mmoja aliyekufa pangoni anatosha kulitibua tangi la lita 100, na hakuna dawa itakayosaidia ilhali mzoga bado umo. Tazama pia wanavyopumua: mashavu yanayokwenda mbio na vinywa vilivyopanda juu ya maji ni dalili kwamba lazima utoe theluthi ya maji sasa hivi na kuweka mengine yaliyotayarishwa, hata kabla hujajua chanzo.

Wakiwa wametulia, jaza maji ya tangi kwenye chupa safi ya kioo, funika, iache mezani. Itazame mara moja huku nyuma yake kukiwa na kitambaa cheusi, mara nyingine karatasi nyeupe, kisha uiache saa mbili. Chupa hii itakueleza mengi kuliko kipimo chochote cha dukani, isipokuwa kimoja, kile cha amonia, ambacho nakusihi ununue hata ikibidi usubiri mtu anayetoka Mwanza au Dar es Salaam akuletee.

Ikiwa baada ya saa mbili mashapo yamelala chini na maji ya juu yametakata, tatizo ni vumbi au udongo. Mara nyingi ni mchanga ambao haukuoshwa vya kutosha. Mchanga wa mtoni unaouzwa kwa wajenzi una udongo mfinyanzi ndani yake. Uoshe kidogo kidogo kwenye ndoo, ukikoroga kwa mkono, mpaka konzi moja ikitiwa kwenye chupa ya maji na kutikiswa isiyachafue. Kama mchanga ulikuwa safi na maji yanatibuka mchana na kutakata usiku, yawezekana samaki wako wanachimba tu. Wale wa makombe, hasa, huhamisha mchanga kwa vinywa siku nzima, na hiyo ni dalili ya afya. Waache.

Ikiwa maji ni ya kijani mbele ya karatasi nyeupe, ni mwani unaoelea. Jua la Tabora linalopita dirishani kuanzia Mei hadi Oktoba linatosha kuuotesha. Hamisha tangi au funga pazia, washa taa saa sita hadi nane tu kwa siku, badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Ukitaka haraka, funika tangi kwa blanketi siku tatu mfululizo bila taa, huku hewa ikiingia muda wote. Mwani utakapokufa utaoza na kula oksijeni, kwa hiyo ukifunua badilisha maji papo hapo.

Ikiwa ni meupe, lakini umetia dawa za kugeuza maji jana au juzi, dondosha siki kwenye mashapo yaliyotulia chini ya chupa au kwenye utando mweupe uliojishika kwenye kioo. Ukichemka vipovu, hiyo ni chokaa. Imetokea kwa sababu bikaboneti na kalisi vilikutana vikiwa vingi kwa mpigo, vikaungana na kuwa unga. Samaki hawatakufa kwa unga huo, ila umepoteza nguvu ya dawa zote mbili. Usiongeze kitu. Chujio litaukusanya kwa siku moja au mbili, kisha osha sponji.

Weupe wa pili ndio wenye kazi. Hautulii chupani hata ukiuacha hadi kesho, hauchemki kwa siki, na ukiupiga tochi gizani mwale unaonekana kama fimbo nyeupe ndani ya maji. Hawa ni bakteria wanaoelea, waliozaliana kwa mamilioni kwa sababu wamepata chakula kingi. Hutokea kwenye tangi jipya la siku tatu hadi kumi, au kwenye tangi la zamani lililopatwa na jambo: samaki amekufa, mtoto amemwaga kopo la chakula, au umeosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini na kuwaua bakteria wazuri waliokaa kwenye sponji.

Hao wazuri ndio wanaokula amonia na kuigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na makali. Hukua polepole, na kwenye tangi jipya wanahitaji wiki nne hadi sita ili watoshe. Hawaelei, hushika mawe, mchanga na sponji. Wale wanaoyatibua maji ni wengine kabisa, hukua kwa saa chache na hunyonya oksijeni. Ukimwaga maji yote na kusugua mawe, umewafukuza wa kwanza na kuwaachia nafasi wa pili, na wiki ijayo weupe utarudi ukiwa mzito zaidi.

Tiba basi ni hii. Hewa usiku na mchana. Usilishe siku mbili, kisha lisha kidogo mno, kile kinachoisha ndani ya dakika moja. Pima amonia kila siku. Ikionekana yoyote, badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji siku hiyo na siku inayofuata, kwa maji yaliyokwisha kugeuzwa na kulingana joto na ya tangini. Fyonza uchafu wa juu ya mchanga kwa mpira, lakini usifukue hadi chini. Chujio usiliguse, na kama limeziba kabisa, lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba. Kama kuna rafiki mjini mwenye tangi zima la zamani, mwombe kipande cha sponji yake chafu, ukiweke ndani ya chujio lako. Sijui tiba bora kuliko hiyo, na haigharimu kitu. Kwa kawaida maji huanza kutakata ndani ya wiki moja. Usitie dawa ya kuua bakteria, maana haichagui.

Wenye kufuga samaki wa makombe wana chanzo kimoja cha peke yao. Makombe yanayookotwa ufukweni Ujiji huonekana matupu, na mara nyingi kweli ni matupu, lakini baadhi yana nyama iliyokauka ndani kabisa ya mzunguko. Ukiyatia majini, nyama ile huvimba na kuoza. Yachemshe dakika kumi, yatikise, yanuse yakishapoa, na lenye harufu lirudishe sufuriani.

Sasa dawa za nyumbani, kwa kuwa najua utashauriwa. Shabu hukusanya tope vizuri sana, na vijijini imesaidia watu kupata maji ya kunywa. Ndani ya tangi la Tanganyika usiitie: hula bikaboneti na kushusha pH kwa ghafla, yaani inabomoa kile ulichokijenga. Kama maji yako ni ya lambo na yana tope, itumie kwenye pipa la pembeni, acha yatulie usiku kucha, chota ya juu, ndipo uyageuze na kupima. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hukamata tope, ila huacha majini sehemu ya mmea inayooza. Kwa maji ya kunywa yatakayotumika leo hilo halina shida. Kwa tangi ni kuwapikia bakteria.

Magadi pia yaache. Hupandisha pH kwa kasi, na magadi ya asili huja na vitu vingine, floridi ikiwamo. Chumvi ya Uvinza inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu husema kwamba maji ya Tanganyika yana chumvi, na Uvinza iko njiani kuelekea ziwani, basi chumvi yake itafaa. Ni chumvi yenye historia kubwa. Chemchemi zile karibu na Mto Malagarasi zimechemshwa kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara iliibeba pande zote. Lakini ni chumvi ya kula, na ziwa halikupata ugumu wake kutoka kwa chumvi ya kula. Ukiitia utapata maji yenye chumvi ambayo bado ni laini na bado pH yake iko chini.

Kinachofaa ni soda ya kuokea, yaani bikaboneti tupu, na chumvi ya Epsom ya duka la dawa. Usichanganye soda hiyo na bekingi pauda, ambayo ina asidi na wanga ndani yake. Gramu 30 za soda katika lita 100 hupandisha ugumu wa kaboneti kwa digrii 10 hivi. Kwa maji laini ya bomba, anza na gramu 40 za soda na gramu 30 za Epsom kwa lita 100, kila kimoja kikiyeyushwa katika ndoo yake kabla ya kuingia pipani. Piga hewa usiku kucha. Klorini itatoka, na pH, ambayo mwanzoni itakuwa 8.2 au 8.3, itapanda yenyewe kadiri hewa inavyoondoa kaboni dayoksaidi. Kwenye tangi lililokuwa na maji laini, panda kwa siku kadhaa, usiruke kwa siku moja, na ukumbuke zile asilimia za amonia: usipandishe pH ya tangi lenye amonia kabla hujaitoa.

Kuna wachache wanaothubutu tangi la maji ya bahari huku bara, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Kwao mengi ya juu yanafaa, ila wana mambo mawili yao. Maji ya bahari hushika oksijeni pungufu kwa moja ya tano kuliko maji baridi, na ukijumlisha mwinuko wa Tabora, tangi lao lililopigwa hewa vizuri halifiki miligramu 6 kwa lita. Weupe wa bakteria kwao ni dharura. Pili, chumvi ya bahari ya kuchanganya, gramu 35 hivi kwa lita, lazima imiminwe polepole kwenye maji yanayozungushwa na pampu katika pipa la pembeni, isubiri siku nzima hadi itakate, ndipo ipelekwe tangini. Anayemimina maji juu ya lundo la chumvi hupata chokaa nyeupe chini ya pipa, na chumvi ile imekwisha kuharibika.

Umeme ukikatika, bakteria wazuri waliomo ndani ya chujio lililofungwa hukosa oksijeni baada ya saa chache, huanza kufa, na maji yaliyokwama humo hugeuka sumu. Umeme ukirudi, usiliwashe moja kwa moja. Lifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha uwashe. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa ni rahisi na linastahimili zaidi, na kwa miji yetu ndilo ningelinunua. Pampu ndogo ya betri, ile wanayotumia wauza chambo hai, iwe kabatini.

Mwisho, samaki wapya. Nunua kwa mwenye leseni, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inawahusu hata samaki wa mapambo. Mwombe asiwalishe siku mbili kabla ya safari. Ndani ya mfuko, pumzi zao hushusha pH, na amonia inayojikusanya hubaki katika sura yake isiyo kali. Ukifungua mfuko, kaboni dayoksaidi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo baada ya safari ndefu ya treni usikae unawadondoshea maji ya tangi saa mbili mfuko ukiwa wazi. Acha mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane, ufungue, wachote kwa wavu uwatie tangini, na maji ya mfukoni yamwage bustanini. Zima taa hadi kesho yake. Wape chakula siku ya pili, kidogo, na upime amonia siku ya tatu.